Samaki Wenye Magamba

Kwanza mnivumilie kwa mwandiko. Herufi zangu zimelala upande kama migomba baada ya mvua ya mawe, na mahali pengine nimekosea tahajia nikafuta kwa kidole chenye mate mpaka karatasi ikatoboka. Niliacha shule nilipomaliza darasa la saba, na tangu hapo mkono wangu umezoea kuchuma chai kuliko kushika kalamu. Ukurasa mmoja hunichukua siku mbili. Tena mimi ni mtu wa haya. Hata kanisani nikiulizwa jambo hujibu nikitazama vidole vya miguu yangu. Lakini hapa kwenye karatasi hakuna anayenitazama, kwa hiyo nitajaribu.

Mimi ni msichana wa huku milimani, si mbali na Kiogoro. Nawaandikia vijana wa rika langu kwa sababu wakubwa wangu ndio wenye habari hii, na hao siwezi kuwaambia.

Kuna leso iliyosahauliwa kwetu na mgeni mmoja aliyekuja kwenye mazishi ya bibi yangu. Mama ameitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni. Imefuliwa mara mbili na bado inanuka moshi na samaki. Kila asubuhi nikifungua mlango harufu ile hunipiga usoni, na papo hapo ninakuwa mtoto wa miaka tisa tena, nimekaa katikati ya boti, nimebana magoti, meno yananigongana.

Kwetu Kisii mtoto hupewa jina la mtu aliyekufa. Jina la mtu aliye hai halitolewi, maana kumpa mtoto jina la mtu anayepumua ni kama kumchimbia mtu huyo kaburi huku anakutazama. Mimi naitwa Bosibori. Niliitwa hivyo kwa ajili ya shangazi yangu, dada wa baba, na aliyenipa jina ni mama yao, ambaye sisi wajukuu tulimwita magokoro. Walinisimulia kwamba nilipozaliwa nililia kutwa nzima. Wakataja majina ya marehemu wa ukoo mmoja mmoja, nikazidi kulia. Kisha magokoro, ambaye alikuwa amekaa kimya kwenye kigoda chake, akasema, "Mwiteni Bosibori." Watu wote wakamgeukia. Baba akasema, "Mama, hilo hapana." Magokoro akarudia lile lile jina, nami nikanyamaza kama mtoto aliyetiwa titi mdomoni.

Kwa nini watu walimgeukia, sikuambiwa. Habari za huyo shangazi hazikuzungumzwa nyumbani kwetu. Nilikuwa na vipande tu nilivyookota kwenye mazungumzo ya watu wazima: alikuwa na mwanya kama wangu, alijua kuimba, alikwenda upande wa ziwa na hakurudi. Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na makaburi ya babu na ami zangu wawili. La shangazi halikuwapo. Siku moja tukipalilia pareto nilipiga moyo konde.

"Mama, shangazi Bosibori alizikwa wapi?"

Jembe la mama lilisimama hewani. "Nani amekutuma uniulize?"

"Hakuna mtu."

"Basi palilia."

Nikapalilia, na huku napalilia nikajitafutia jibu. Alikufa maji. Ziwa lilikataa kuutoa mwili, ndiyo maana hana kaburi. Na kwa kuwa hana kaburi, bado yuko huko majini anangoja. Sikuwa nimewahi kuliona ziwa. Sisi ni watu wa milima, na maji tuliyoyajua ni ya mto ambao unavuka kwa kuruka mawe. Siku zisizo na mawingu tulikuwa tukipanda ukingo wa kilima tukaona kitu cheupe mbali sana upande wa magharibi, kimelala kama bati jipya. Watoto wenzangu walikuwa wakikishangilia. Mimi nilikuwa nikikipa mgongo.

Nilipokuwa darasa la nne, darasa letu liliimba vizuri katika mashindano ya shule za jirani. Mwalimu mkuu akatutolea zawadi: Jumapili moja tungepelekwa kisiwani kutembea. Tungepanda mlima wake, tucheze mpira, tuoge ufukweni, turudi jioni. Jina la kisiwa sitaliandika, kwa kuwa watu wake bado wapo. Darasa zima lilipiga kelele za furaha mpaka darasa la tano wakachungulia dirishani. Mimi niliinamia dawati.

Nilitumaini nyumbani watakataa, na kweli baba alikataa. "Ziwani? Huyu? Hapana."

Aliyeniangusha ni magokoro. "Ataenda," alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye wimbi aliokuwa akiupepeta.

"Mama, unajua vizuri kule ni wapi."

"Najua. Ndiyo maana nimesema ataenda."

Baba alitoka nje akasimama uani muda mrefu, na mambo yakaishia hapo.

Asubuhi ya safari magokoro aliniosha mwenyewe, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu nilipoota meno. Alinipaka mafuta mpaka miguu ikang'aa kama ya mtu mwingine. Akanivalisha gauni langu la Sabato, la kijani lenye kola nyeupe. Nilishangaa. Gauni la Sabato halivaliwi Jumapili, sembuse kupandia mlima. Kisha akaushika uso wangu kwa mikono miwili.

"Ukifika kule, mtu akikuuliza jina, usione haya. Litaje. Lako na la baba yako. Utaje kwa sauti."

"Ndiyo, magokoro."

"Na ukiambiwa neno lolote, uniletee kama lilivyo. Usiliongeze, usilipunguze."

Vijana wenzangu, leo naelewa alichokuwa akikifanya. Siku ile nilielewa kitu kingine kabisa. Kwetu ukiazima chungu kwa jirani, hukirudishi kichafu. Unakiosha, unakifuta, unakibeba kwa heshima mpaka kwa mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeoshwa, nimefutwa, nimepakwa mafuta. Jina langu lilikuwa la kuazima, na mwenye jina alikuwa ziwani. Nilijua ninarudishwa.

Tulisafiri kwa lori la mfanyabiashara wa ndizi wa Masimba. Ndani mlikuwa na maganda yaliyokauka na utomvu uliotushika nguo. Nyakundi, mvulana ambaye mdomo wake haukuwahi kupumzika, aliniona nikilikunja gauni langu nisilichafue.

"Tazameni Bosibori! Gauni la Sabato! Dada, unakwenda kuolewa na kiboko?"

Lori zima lilicheka. Niliegemea bega la Moraa, rafiki yangu wa dawati moja. Moraa alikuwa na sifa moja, alijua kila kitu. Nilimnong'oneza siri yangu yote, ya shangazi, ya kaburi lisilokuwapo, ya mafuta. Moraa alifikiri kidogo.

"Waliokufa maji hutembea ufukweni mchana," alisema. "Utawajua kwa nywele. Nywele zao hazikauki kamwe."

Tulipofika Homa Bay nikaliona ziwa kwa karibu. Sikuamini kwamba maji yanaweza kufika mpaka mahali macho yanapokomea. Boti ilikuwa ya mbao, yenye injini iliyokohoa moshi wa buluu, na ilitikisika mtu mmoja tu akiikanyaga. Mwalimu wetu, ambaye darasani alikuwa simba, alivua kofia akaishika kifuani kama aliye kanisani. "Kaeni chini! Asisimame mtu! Ukisimama unatuzamisha sote!" Wengine walitumbukiza vidole majini wakacheka. Mimi nilikaa katikati kabisa, mikono kwapani, nisije nikaguswa na kitu kutoka chini.

Kisiwa kilikuwa kizuri. Nasema hivyo sasa kwa kuwa nakumbuka nilichokiona, si kwa kuwa nilifurahi. Mlima wake uliinuka ghafla kutoka majini, wa kijani, na mawe makubwa yaliyopakwa weupe na mavi ya ndege. Ndege wenyewe walikuwa weusi, wenye shingo ndefu, wakikausha mabawa kama watu waliovaa makoti yaliyolowa. Kenge mkubwa kama mbwa aliteremka jiweni akaingia majini bila haraka. Ufukweni wanawake watano au sita walikuwa wakianika samaki juu ya majani makavu. Hapo ndipo nilipokutana na harufu ile kwa mara ya kwanza.

Mwalimu alitupanga mstari papo hapo mchangani, akafungua rejista ya darasa. Alikuwa ameapa kwa mwalimu mkuu kwamba atarudisha watoto wote aliowachukua, kwa hiyo alituita mmoja mmoja kwa sauti ya kutosha kusikika mlimani. Aliyeitwa aliitikia na kuinua mkono. Kisha likafika jina langu.

"Bosibori!"

Sikuweza kuitikia.

"Bosibori!"

"Niko," nikasema.

"Ee!" akaitikia mtu mwingine nyuma yetu.

Tuligeuka wote. Mwanamke mmoja alikuwa amesimama ndani ya maji mpaka kiunoni, ameshika kikapu cha samaki aliokuwa akiwaosha. Alikuwa ameitikia kama unavyoitikia unapoitwa nyumbani, kabla hujafikiri. Maji yalimchuruzika usoni. Nywele zake zilikuwa zimelowa chepechepe.

"Mwalimu, wako wawili!" Nyakundi alipiga kelele, na watoto wakaanguka mchangani kwa kicheko.

Mwalimu naye alicheka. "Mama, wewe si wa darasa langu."

Yule mwanamke hakucheka. Alipitisha macho kwenye mstari, uso mmoja baada ya mwingine, mpaka akafika kwangu na kwenye gauni langu la kijani. Hakuyaondoa tena. Moraa alinifinya mkono mpaka kucha zikaingia.

"Umeziona nywele?" alininong'oneza.

"Nimeziona."

Tulipanda mlima. Wenzangu walibingirika kwenye nyasi, wavulana wakacheza mpira na kuukimbiza kila ulipoteremka, wasichana wakaimba ule wimbo uliotuletea zawadi. Tulikula ndizi mbivu na viazi vitamu vilivyochemshwa nyumbani. Kileleni kulikuwa na upepo mtamu na wenzangu walitanua mikono wakijifanya ndege. Mimi nilizunguka nikitafuta upande ambao hauna maji, na haukuwapo. Kwetu ukipanda mlima unaona mlima mwingine, na juu yake nyumba, na moshi, na unajua kuna mtu anapika. Pale dunia ilikuwa imekatwa pande zote. Nilichungulia chini. Wanawake wale walikuwa wadogo kama mbegu, wote wameinama wakifanya kazi, isipokuwa mmoja. Huyo alikuwa amekaa juu ya jiwe, ametazama juu.

Wenzangu waliposhuka kuoga sikuvua gauni. Nilijibanza mbali na maji, nyuma ya jiwe. Hapo ndipo aliponijia.

Alizungumza lugha yetu, lakini polepole, kama mtu anayetembea katika nyumba aliyoishi zamani na taa imezimwa. "Wewe ni Bosibori wa nani?"

Nilikumbuka agizo la magokoro. Nilifumba macho, nikapiga kelele, "Bosibori wa Makori!"

"Makori mwenye kovu hapa?" Aligusa nyusi yake.

"Ndiyo."

"Nani alikupa jina hilo?"

"Magokoro."

"La nani?"

"La shangazi yangu."

"Na shangazi yako yuko wapi?"

"Alikufa."

Alikaa chini mchangani. "Alikufa," alirudia taratibu, kama mtu anayeonja mboga kujua kama ina chumvi. Kisha akacheka bila sauti, na katikati ya meno yake nikauona mwanya. Sasa sikuwa na shaka. Alikuwa na uso wa magokoro na mwanya wangu na nywele zisizokauka. Alininyooshea mkono akanigusa shavu, na mkono ule ulikuwa baridi. Nilitaka kukimbia lakini miguu ilikuwa imekwisha kufa kabla yangu.

"Nani alikuvalisha hivi leo?"

"Magokoro."

"Kwa mikono yake? Alikuambia nini?"

"Aliniambia nikiulizwa jina nilitaje kwa sauti."

Alijifunika uso kwa leso. Mabega yakatetemeka. Nilidhani ana hasira kwamba nimeletwa mdogo, mwembamba, kabla sijakua. Kisha aliinuka akaenda kwenye majani alikoanika samaki, akachagua, akarudisha, akachagua tena. Alirudi na samaki wanne wakavu, wakubwa, amewafunga kwa majani na kamba ya katani. Kabla ya kufunga fundo la mwisho alikishika kidole changu akakipitisha juu ya ubavu wa samaki mmoja. Ulikwaruza.

"Unasikia? Magamba. Sikuwaparua. Mwambie magokoro wako hawa ni ngege, mwambie sikuwaparua ili aone kwa macho yake na apapase kwa mkono wake. Mwambie sijasahau. Utasema hivyo?"

"Ndiyo."

"Rudia."

"Hukuwaparua. Hujasahau."

Sisi ni Wasabato. Kwetu samaki asiye na magamba haliwi. Kambare hata akiletwa bure hapiti mlangoni. Mwanamke yule alikuwa akisema kwamba miaka yote kule, katikati ya watu wanaokula kila samaki, yeye alikuwa bado anakula kama mtoto wa nyumbani kwake. Magokoro angelielewa jambo hilo kabla fundo halijafunguliwa. Mimi nilielewa tu kwamba nimepewa chakula na maiti.

Wakati wa kurudi upepo ulikuwa umeamka. Mwenye boti alisema ni upepo wa alasiri, wa kila siku, tusiogope. Lakini mawimbi yalikuja yakiinua boti na kuibwaga, maji yakaturukia usoni, Nyakundi akanyamaza kwa mara ya kwanza maishani mwake kisha akatapika. Wasichana walianza wimbo wa kanisani, wakaukatisha wakilia. Mwalimu aliikumbatia rejista. Na mimi nilikuwa na kile kifurushi mapajani. Shule ya Sabato tulifundishwa kwamba mawimbi yanaweza kuja kwa ajili ya mtu mmoja tu aliye ndani ya chombo. Nilitazama nyuso za wenzangu, na nikajua mtu huyo ni mimi. Ziwa lilikuwa linataka kitu chake. Ama kifurushi, ama mimi.

Nilikitupa. Hakikuzama mara moja. Kilielea kidogo nyuma yetu, kikigeuka geuka, kisha wimbi likakifunika.

Baada ya muda mfupi tulizunguka rasi, upepo ukazuiwa na kilima, maji yakatulia kama uji ulioepuliwa. Leo najua ni rasi. Siku ile nilijua ni mimi.

"Umetupa nini?" Moraa aliniuliza.

"Chakula cha wafu."

Alitikisa kichwa, ameridhika. "Ungekula ungerudi huko."

Lori lilituacha barabarani jua likiwa bado halijazama, na nikaona kitu ambacho sikukitarajia. Magokoro alikuwa amesimama kando ya barabara na fimbo yake. Magoti yake yalikuwa mabovu, na kutoka nyumbani mpaka pale ni mteremko mkali. Wengine wote walipokelewa na dada zao.

"Uliulizwa jina?"

Nilimtazama. Moyoni nilisema, bibi huyu alinirudisha, na sasa anataka kujua kwa nini nimekataliwa. Nikisema chochote, atanipeleka tena.

"Hapana, magokoro."

"Hukuona mtu?"

"Sikuona mtu."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Aliuchukua mkono wangu, akauinua mpaka puani, akaunusa. "Unanuka samaki."

"Walikuwa wengi ufukweni. Tuliwashika tu."

Aliuachilia mkono wangu. "Basi," alisema.

Tulipanda mteremko, yeye akipumzika kila baada ya hatua chache. Na tangu siku hiyo hakuniita tena Bosibori. Aliniita mtoto wa Makori, au wewe, au njoo hapa. Niliamini amechukia kwamba nimerudi hai, nikawa namkwepa. Usiku nilifunga mlango wa chumba chetu kwa kamba. Mtoto mwenye hofu anaweza kumfanya mtu mwema kuwa mnyama, na yule mtu asijue kamwe alikosa nini.

Ilipita miaka miwili. Siku moja tukichuma chai mama aliniambia, bila kuulizwa, nadhani kwa sababu nilikuwa nimeanza kuwa mkubwa. Shangazi yangu hakufa. Alikuwa amempenda mvuvi wa kule ziwani aliyekuwa akija sokoni, babu akakataa, shangazi akaondoka mchana kweupe watu wakimtazama. Magokoro akasema, huyo kwangu amekufa. Nilipozaliwa, akalitoa jina lake ili kila mtu ajue hakusema kwa mzaha.

"Na sasa?" nikauliza. Sauti yangu ilikuwa mbali.

"Hasira iliisha zamani. Lakini atasemaje, na amekwisha kumpa mtu jina la mtu aliye hai? Ile siku ulipokwenda kisiwani alitaka jina lako lisikike huko, shangazi yako ajue linaitwa kwa upendo. Ukarudi ukasema hukuona mtu. Magokoro anasema, shangazi yako alilisikia akampa mgongo. Kwa hiyo hawezi tena hata kulitamka."

Nilichuma majani, nikayatia kapuni, nikachuma. Ningeweza kuliacha kapu nikakimbia mpaka kwa magokoro wakati ule ule. Niliogopa. Ningesema nini? Kwamba nilipewa neno lake nikalitupa, kwamba nilimdanganya akiwa amesimama na magoti yale? Nikasema kesho. Kesho yake nikasema Sabato ikipita. Miaka ikaenda hivyo, macho yake yakapungua, na mimi nikiwa ndiye ninayemshika mkono kwenda kanisani.

Magokoro alikufa masika haya. Baba alituma habari ziwani kwa wauza samaki bila kumuuliza mtu. Siku ya mazishi mwanamke alikuja akasimama nje ya ua, amejifunga leso, hakuthubutu kuingia. Nikamsikia mama mmoja akimwambia mwenzake, "Leo maiti amekuja kumzika mtu." Baba alitoka, akamshika mkono, akamleta mpaka kwenye jeneza. Sitaandika jinsi alivyolia.

Alasiri alinifuata jikoni nikiosha sahani. Nywele zake zilikuwa kavu na nyeupe.

"Wewe ndiye mimi," alisema. Kisha akaniuliza lile ambalo lilikuwa limemtoa kule kote. "Wale ngege. Uliwafikisha?"

"Ndiyo, shangazi."

"Alisema nini?"

Mimi, nisiyeweza kujibu swali kanisani, maneno yalinitoka kama maji. "Aliwapapasa magamba. Kisha akasema wapikwe, akala mmoja peke yake."

Alijipiga kofi pajani, akacheka huku machozi yanamwagika, mwanya wote nje. "Nilijua! Nilijua atapapasa!" Aliondoka kesho yake mwepesi kama msichana, akaisahau leso.

Sasa ametuma barua aliyoandikiwa na mwanawe. Anataka niende kisiwani nikapumzike, tupande ule mlima pamoja, nimsimulie tena jinsi magokoro alivyokula, polepole, mwanzo mpaka mwisho. Na mimi ninaogopa kama nilivyoogopa ndani ya boti. Nina karatasi mbili. Ya kwanza ina ule uongo, na ndani yake mama na binti yake wamepatana. Ya pili ina ukweli, na ndani yake mama amekufa yeye na binti yake wakiwa wamegeuziana mgongo, kwa sababu yangu. Zote mbili zinaanza kwa jina la shangazi, na kila nikiliandika naona kama najiandikia mwenyewe.

Ninyi mnaosoma haya, mwandiko wenu ukiwa mbaya kama wangu msijali, niandikieni. Mhariri anajua nilipo. Niambieni nipeleke ipi. Msikawie sana, maana mwana wa shangazi atapita hapa kuchukua jibu, na kila asubuhi nikifungua mlango leso inanuka bado.